Kikopo Kilikuwa Kwenye Mkoba Wangu

Baba yangu ni fundi cherehani. Miaka 30 na ushei ameshona barazani kwetu, Ngamiani, Tanga: kanzu za harusi, sare za shule, mapazia ya watu. Ugonjwa ulimwanzia kwenye sindano. Akawa anatumia dakika nzima kutunga uzi, kisha dakika tano, kisha kumi. Tukasema ni macho, akanunuliwa miwani. Baadaye mwandiko wake kwenye daftari la vipimo ukaanza kusinyaa, herufi zikawa ndogo kama sisimizi, hata yeye mwenyewe akawa hazisomi. Mkono wa kulia ukawa unatetemeka akiwa amekaa tu, ametulia. Majirani walisema ni mkono wa mtu, na huko tulipoteza muda mrefu. Miaka mitatu ilipita kabla daktari wa mishipa ya fahamu hajatutajia jina la Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili.

Dawa yake ni levodopa iliyochanganywa na kabidopa, kile kidonge cha miligramu 250 kwa 25. Anameza nusu mara nne kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni. Kipimo chetu cha nyumbani kimekuwa kifungo cha shati. Dawa ikiwa kazini, baba anafunga vifungo vyake mwenyewe, vyote saba, taratibu, kwa mikono ya mtu aliyeshona maelfu ya vifungo. Dawa ikimwishia, anashika kile cha kwanza na vidole vinaganda hapo hapo, anabaki anakitazama.

Amepasuliwa mara mbili tangu aanze dawa hizi. Mara ya kwanza nusura tumpoteze, na kisu cha daktari hakikuhusika hata kidogo.

Ilikuwa ngiri. Upasuaji wa kawaida, tulipewa tarehe, tukajiandaa. Jioni ya kuamkia siku hiyo tukaambiwa kuanzia saa 6 usiku mgonjwa asiingize kitu chochote mdomoni. Mimi nikalishika neno "chochote" kama lilivyo. Saa 12 asubuhi kengele ya dawa ikalia kwenye simu yangu, nikaizima. Saa 4 ikalia, nikaizima. Tulikuwa tumepangiwa asubuhi, lakini ajali zikaingia, foleni ikasogea, baba akaja kuingizwa chumba cha upasuaji saa 9 alasiri. Kidonge chake cha mwisho kilikuwa cha saa 12 jioni ya jana yake. Saa 21 zilikuwa zimepita.

Alipewa nusu kaputi. Alipoamka akaanza kutapika, akachomwa sindano ya Plasil. Usiku akatapika tena, akachomwa tena. Asubuhi ikarudiwa. Kwenye karatasi ya dawa ya wodi vidonge vyake vilikuwa vimeandikwa, na mbele yake pamewekwa alama kwamba mgonjwa haruhusiwi kula.

Kulipokucha nilimkuta kakauka kama gogo. Shingo haigeuki. Nilipojaribu kumkunja mkono ili nimfute jasho, ulikuja kwa kukwamakwama, kama bawaba iliyoshika kutu. Macho yamefunguka lakini hayapepesi. Nikamwita, "Baba," akatoa sauti isiyo na neno ndani yake. Nikamtilia kijiko cha uji, uji ukamtoka pembeni mwa mdomo, uliobaki ukampalia. Mwili ulikuwa unachemka. Wakapima malaria, hakuna. Wakafunua kidonda, kisafi. Shangazi akaanza kulia kichinichini, akisema usingizi wa hospitali umegoma kumtoka kaka yake.

Saa 5 asubuhi akapita daktari kijana, wa mafunzo, aliyekuja kuangalia dripu tu. Akasimama. Akaushika mkono wa baba, akaukunja na kuukunjua, akauliza: "Mzee ana Parkinson? Dawa zake ziko wapi?"

Kikopo kilikuwa kwenye mkoba wangu. Mkoba ulikuwa mapajani pangu. Nilikuwa nimeupakata tangu alfajiri nikimsomea baba Yasin, na dawa imo ndani yake, futi mbili kutoka kwenye kinywa chake.

Saa 41. Nilizihesabu baadaye, na bado huwa nazihesabu.

Daktari yule hakunilaumu. Alikwenda kumwita mkubwa wake, wakasimamisha Plasil papo hapo, wakamwekea baba mpira wa puani unaoshuka mpaka tumboni. Muuguzi akasaga vidonge, akavikoroga na maji, akavipitisha kwa bomba la sindano, akasuuza mpira kwa maji mengine. Wakaongeza dripu, wakamkanda kwa vitambaa vya maji, wakachukua damu kupima figo na kuona kama misuli imeanza kuharibika. Mimi nikakaa nikitazama mikono yake. Zilipita kama dakika 50. Kidole cha shahada kikacheza, kisha gumba, kisha vidole viwili vikalishika pindo la shuka na kulipapasa, taratibu, namna anavyopapasa kitambaa cha mteja kabla hajataja bei. Nikajua yumo.

Homa ilichukua siku mbili kushuka, na kumeza kukachukua karibu wiki.

Yule daktari kijana ndiye aliyekaa na mimi kwenye benchi la ukumbini akanieleza, na maelezo yake nimeyashika mpaka leo. Levodopa haikai mwilini. Nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu huondoka ndani ya saa moja hadi moja na nusu hivi. Mtu ambaye ugonjwa umekomaa kama baba anaishi kwa kidonge hadi kidonge, kwa sababu akiba ya dopamini kichwani mwake, ile kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo na ambayo levodopa hugeuka kuwa, imekwisha. Ukikata ghafla, mwili unaweza kukakamaa, homa ikapanda sana, akili ikavurugika, misuli ikaanza kumeng'enyuka na kuziumiza figo. Watu hufa kwa hilo. Halafu ile sindano ya kutapika: dopamini inafanya kazi kwa kubisha hodi kwenye milango fulani ya ubongo, na Plasil inakwenda kuiziba milango hiyo hiyo. Baba alinyimwa kidogo alichobakiwa nacho, kisha akafungiwa na mlango.

Akanitajia nyingine za kundi hilo: haloperidoli, ambayo hupewa wagonjwa wanaochanganyikiwa, na proklorperazini na promethazini, ile wengi tunayoijua kwa jina la Phenergan. Dawa ya kuzuia kutapika ambayo yeye angechagua kwa baba ni ondansetroni. Domperidoni nayo, alisema, kwa kawaida haivuki kuingia kwenye ubongo kama Plasil, ila moyo wa mgonjwa uangaliwe kwanza.

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyejua. Aliniambia wauguzi wengi wanamaliza mwaka mzima bila kumhudumia mgonjwa wa Parkinson wanayejua kuwa ni wa Parkinson. Hilo niliamini. Wataalamu waliowahi kupita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, kule Kilimanjaro, waliwapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na yeyote kuwa wana ugonjwa huu. Kama mgonjwa mwenyewe hajulikani, dawa yake itajulikanaje? Sikuandika haya ili nimshitaki mtu. Wodi ile ilikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa waliojaa mpaka sakafuni. Lakini baba ni mmoja, na nimemuona akikakamaa.

Kazi ya kwanza tuliporudi nyumbani ilikuwa karatasi. Nilikaa na mdogo wangu tukaandika ukurasa mmoja: jina la baba, ugonjwa, kila dawa na kiasi chake na saa yake, dawa asizopaswa kupewa, jina la daktari wake na namba zetu. Tukaupeleka kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu ausome, arekebishe, agonge muhuri. Muhuri ni muhimu kuliko nilivyodhani. Karatasi ya binti wa mgonjwa inasikilizwa kwa adabu. Ile yenye muhuri inabandikwa kwenye faili.

Baada ya miezi 20 ikahitajika. Baba aligeuka haraka akitoka bafuni, miguu ikaganda sakafuni huku kiwiliwili kinaendelea na safari, akaanguka, nyonga ikavunjika. Mfupa wa nyonga haungoji upange mambo kwa utulivu. Tulifika hospitali, nyingine, saa 3 usiku, na jambo la kwanza nililoomba baada ya dawa ya maumivu lilikuwa kumwona daktari wa usingizi. Wapasuaji ni wengi na wanabadilishana zamu. Daktari wa usingizi ndiye anayeamua mgonjwa ale nini, ameze nini na achomwe nini kabla, wakati na baada. Huko nyuma sikujua kwamba ndugu wa mgonjwa anaweza kuomba kumwona. Anaweza.

Alikuja mama mmoja mtu mzima, akavuta kiti, akaisoma karatasi yote. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Baba anatumia selejilini au rasajilini?" Nikasema hapana. Akashusha pumzi. Hizo nazo ni dawa za Parkinson, na mgonjwa anayezitumia hapaswi kuchomwa pethidini wala kupewa tramadoli, maana zikikutana zinaweza kumletea msukosuko mbaya wa mwili na akili. Pethidini na tramadoli ndizo zilizojaa kwenye makabati ya wodi zetu. Akauliza pia kuhusu dawa za asili. Hapo nikamwambia ukweli: baba mdogo alikuwa amemletea kaka yake unga wa mbegu za upupu. Nilidhani atakasirika. Akasema mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, hilo linajulikana, ila hakuna anayejua kijiko kile kina kiasi gani, kwa hiyo ni lazima yeye ajue na unga usitishwe mpaka baba atoke. Kama nisingeulizwa, nisingesema, kwa haya tu ya kuonekana mshamba.

Akapanga hivi. Baba awe wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Chakula kisimame usiku, lakini nusu kidonge cha saa 12 asubuhi akimeze kama kawaida, kwa funda dogo la maji. "Kutokula ni kutokula," aliniambia, "dawa hii siyo chakula." Ganzi iwe sindano ya mgongo badala ya nusu kaputi, ili awe macho, kichefuchefu kipungue, na aweze kumeza dozi ya saa 4 akiwa bado kwenye chumba cha kuamkia. Mpango wa akiba ukawa mpira wa puani, na karibu na kitanda kinu kidogo cha kusagia. Alinikumbusha kwamba vidonge vya kawaida vinasagwa, ila vile vilivyotengenezwa viyeyuke polepole havisagwi kamwe. Kuna nchi wanazo plasta za rotigotini za kubandika kwenye ngozi kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, na sindano za apomofini. Sisi hatukuzipata, tukapanga kwa tulichokuwa nacho.

Baba mwenyewe alinisimulia yaliyotokea ndani. Wakiwa wameshamwekea nyaya za kifuani, mashine ya moyo ikaanza kupiga kelele, mstari unachezacheza vibaya, kijana aliyekuwa pale akashtuka. Yule mama hakuitazama mashine. Aliutazama mkono wa baba uliokuwa unatetemeka juu ya ubao, akaushika kwa mikono yake miwili, akaukandamiza kwa upole. Mstari ukatulia. "Ni mkono, siyo moyo," akasema. Akaendelea kuushika mpaka mpasuaji alipokuwa tayari. Baba huwa anaishia hapo kwenye simulizi yake, haendelei na mambo ya nyundo na skrubu.

Saa 4 na dakika 10 aliimeza dozi yake kwenye chumba cha kuamkia. Nilikuwa mlangoni na kikopo mkononi, kimetoka kabisa kwenye mkoba.

Nisiseme kwamba kila kitu kilinyooka. Siku ya pili tu wodini, dozi ya saa 4 asubuhi haikuja. Nilikuwa nimetoka kununua maji, nikarudi saa 5 nikamkuta baba ameanza kuganda. Muuguzi akanionyesha karatasi yake: ameandika 16:00. Kosa lilikuwa la karatasi yetu. Sisi tuliandika "saa 4" kama tunavyosema nyumbani, naye anajaza fomu kwa saa za kizungu, akaelewa ni nne ya jioni, yaani saa 10 yetu. Pale pale tukaandika upya, kila dozi mara mbili: saa 4 asubuhi, 10:00, saa 8 mchana, 14:00. Tena wodi ina raundi zake za dawa, na "kutwa mara nne" kwao inaangukia kwenye raundi, siyo kwenye saa za baba. Sista mkuu wa wodi alikubali kikopo kikae kwa baba na sisi tumpe kwa saa zake, yeye akiweka sahihi kila dozi. Uingereza shirika la wagonjwa wa Parkinson limefanya kampeni miaka mingi kwa jambo hili hili, dawa itolewe kwa wakati hospitalini, na mwongozo wao wa sasa unataka isipite nusu saa. Kwa hiyo hata waliojaliwa vifaa wanapigania dakika.

Siku ya tatu damu yake ilikuwa chini, akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Akavimeza pamoja na levodopa, kwa mkupuo mmoja. Kuanzia hapo dawa ikawa kama maji. Kifungo cha kwanza, vidole vinaganda. Nikampigia daktari wake simu, akasema chuma kinaishika levodopa tumboni isifyonzwe vizuri, vitenganishwe kwa saa mbili angalau. Nyama, mayai na maharage navyo hugombea njia moja na dawa, ndiyo maana nyumbani humeza nusu saa kabla ya kula. Wodini ndugu walikuwa wanamletea supu ya kongoro saa ile ile ya dozi, kwa mapenzi yao yote. Ilinibidi nimwambie shangazi, kwa heshima, asubiri kidogo nje.

Usiku wa nne ndio ulionitisha. Baba alikaa kitandani akaanza kuwafukuza mbuzi. Mbuzi wameingia dukani, wanatafuna kitambaa cha bwana harusi. Akawa anavuta dripu. Muuguzi wa zamu ya usiku, kijana mpole kabisa, akaja na sindano: haloperidoli. Nilimshika mkono, samahani nikaomba, nikampeleka kwenye faili, kwenye ukurasa wenye muhuri. Akausoma kwa tochi ya simu. Akasema, "Basi ngoja nimwite daktari." Daktari akaja, wakatafuta chanzo kwanza. Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja, kibofu kimejaa tele. Alikuwa hajapata choo tangu aanguke. Maji alikuwa hanywi vya kutosha. Walipomfungulia mkojo akatulia kidogo, nami nikakaa nimemshika mkono, taa ya ukumbini ikaachwa inawaka. Nikamuuliza kitambaa ni cha rangi gani. Akasema cha maziwa. Nikamwambia mbuzi wameshatoka, nimefunga mlango. Akalala. Mbuzi walirudi usiku uliofuata, wachache zaidi, kisha hawakurudi tena.

Mazoezi ya kusimama tuliyahamishia saa 5 asubuhi, dawa inapokuwa kazini. Mtaalamu wa viungo alikuwa anapita saa 3, wakati dozi ya alfajiri imeshaanza kuisha, na kila siku aliandika kwamba mgonjwa hashirikiani. Alipobadili saa tu, baba alisimama. Kabla ya kusimama anakaa ukingoni mwa kitanda dakika tatu nne, maana presha yake huporomoka akiinuka ghafla.

Tulitoka siku ya 15. Asubuhi hiyo alikataa nimvalishe. Aliomba shati lake jeupe, akaketi, akaanza na kifungo cha juu.

Ukurasa ule sasa uko sehemu nne: mlangoni kwa ndani, kwenye pochi ya baba, kwa mdogo wangu, na kwenye simu yangu kama picha. Kila daktari akibadilisha dozi tunauandika upya, tunaurudisha kugongwa muhuri, wa zamani tunauchana. Wiki iliyopita nilikuwa nautoa nakala kwenye duka la vifaa vya ofisi, dada mmoja nyuma yangu akausoma begani kwangu. Mama yake anatetemeka mwaka wa sita, na mwezi ujao anapasuliwa jicho. Akaniuliza kama naweza kumtolea na yeye. Nikamlipia nakala, nikafuta jina la baba na dozi zake kwa kalamu nyeupe, tukakaa kwenye ngazi za duka tukijaza za mama yake. Za kwake ni tano, na ya kwanza ni saa 11 alfajiri. Tukaandika na 05:00 pembeni yake.